Kwenda picha Ngome Kongwe: mwongozo kamili kwa mtu wa Pemba na wa shamba

Mama yangu hasemi filamu. Anasema picha, na kwenda sinema kwake ni kwenda picha: jambo la kukoga, kujifukiza udi na kupanga tangu jana nani atabaki na watoto. Usichana wake aliumalizia Unguja mjini kwa shangazi yake, na Jumapili walikuwa wakienda Majestic, pale Vuga. Kisha akaolewa Mkoani, na picha zikabaki hadithi. Miaka michache iliyopita nikamchukua kwenda Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya Unguja mjini ambako siku hizi huonyeshwa picha usiku. Akakaa kwenye ngazi ya jiwe, akanyanyua uso, akaziona nyota, akaniuliza, "Paa lao limekwenda wapi?"

Mwongozo huu nauandika kwa watu kama yeye na kwa vijana watakaowapeleka. Mtu wa mjini hauhitaji sana. Akisikia spika zinalia huvaa kandambili zake akaingia. Sisi wa Pemba, na ndugu zetu wa Makunduchi, Nungwi na Donge, usiku mmoja wa picha unatutaka safari, malazi, chakula na njia ya kurudi. Kimoja kikiharibika, picha huioni hata kama umeikalia mbele yake, kwa sababu akili iko kwenye gari iliyokuacha.

Mahali penyewe

Ngome Kongwe haikujengwa kwa ajili ya sinema. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, juu ya kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ikawa gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumiwa na ile reli ya Bububu, na mwaka 1949 ikawa klabu ya wanawake ya kuchezea tenisi. Ngazi za kukalia, zilizopangwa nusu duara kuelekea jukwaani, ziliongezwa miaka ya 1990. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lilifanyika mara ya kwanza 1998, na tangu hapo ukuta uliokuwa wa wafungwa umekuwa ukuta wa watazamaji. Ukisikia mtu anasema "sinema ya Forodhani", mara nyingi anakusudia hapa.

Chagua usiku wako

ZIFF huwa wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, na tarehe zake hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usikate tiketi ya boti kwa kukumbuka za mwaka jana. Februari ngome ni ya muziki: ndipo Sauti za Busara linapofanyika, tangu 2004. Nyakati nyingine pana taarab, ngoma au picha ya usiku mmoja, na habari zake hubandikwa langoni. Mwenye ndugu mjini amtume akaangalie. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, usijisumbue. Hakuna paa, na mvua ya masika haina rafiki.

Ndani ya siku za tamasha una nafasi ya kuchagua, na hapa kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwako ina faida kuliko simu. Usiku wa mwezi 13, 14 na 15 mwezi hutoka jua likizama na hukaa juu usiku kucha. Kuta za ngome huuzuia kwa muda, kisha unapanda na kumwaga mwanga kwenye skrini. Projekta haiwezi kutia weusi, inatia mwanga tu. Weusi wa picha ni giza la mahali penyewe, kwa hiyo mwezi ukiangaza, kila kilichokuwa cheusi kinakuwa kijivu. Picha ya mchana wa jua kali huvumilia. Picha yenye vichochoro na usiku mwingi hupotea. Kila siku mwezi huchelewa kama dakika 50, na ukifika tarehe 18 au 19 hautoki mpaka saa 3 au saa 4 usiku. Mwenye siku mbili za kuchagua na achague iliyo mbali na mwezi mpevu.

Lakini mwezi huohuo mpevu una zawadi yake. Ndizo siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, na Unguja maji ya bamvua hujaa alasiri, kama saa 10. Ukifika Forodhani wakati huo utawakuta vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mmoja, kwa mbwembwe ambazo hakuna steringi anayeziweza. Mama alikaa pale nusu saa akicheka, na picha yenyewe ilikuwa bado. Kule Broome, mji wa pwani Australia, iko sinema ya wazi iliyofunguliwa 1916 na mpaka leo inafanya kazi. Zamani maji ya bamvua yaliingia mpaka chini ya viti, watu wakitazama picha miguu imo majini, hadi lilipojengwa tuta mwaka 1974. Sisi bahari yetu imeishia ukutani. Nafikiri tumekosa kitu.

Safari

Anayetoka Pemba afike siku moja kabla. Huu si woga. Kipupwe ndio wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, na bahari kati ya visiwa viwili hivi ikichafuka boti huchelewa au haiji kabisa. Kufika siku ileile ya picha ni kujiombea ugonjwa: utashuka Malindi umepauka, tumbo limepinduka, na usiku utalala juu ya bega la jirani. Kata tiketi mapema kwa sababu siku za tamasha boti hujaa. Chukua kitambulisho, kitaulizwa kwenye boti, kwenye gesti, na pengine langoni kama pana bei ya wenyeji. Kaa sehemu ya chini, katikati au nyuma kidogo, ambako chombo hakirushi sana. Asubuhi hiyo kula kidogo, kipande cha mkate na chai ya tangawizi. Wali wa nazi na samaki uache mpaka urudi nchi kavu, lakini na tumbo tupu nalo usipande. Na boti ukiiona imejaa kupita kiasi, shuka. Sisi wa Pemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama, hatujaisahau.

Wa shamba kuja mjini hamna tabu: daladala za mchana zipo. Tabu yenu ni ya kurudi, nitaifikia.

Malazi ni kwa ndugu kama yupo, Michenzani au popote Ng'ambo, na si adabu kumfikia mtu mikono mitupu: karafuu kidogo, au halua ya Wete kwa mwenye kutoka Pemba. Gesti ziko, za karibu na Malindi zinamfaa mwenye boti ya asubuhi. Baadhi huwataka mume na mke waonyeshe cheti cha ndoa. Uliza kwa simu, usije ukabishana mapokezi usiku.

Vya kubeba

Kanga mbili, hata kama wewe ni mwanamume. Ya kwanza kunja mara nne uikalie, ya pili ni ya mabega. Jiwe la ngazi linakaa na joto la mchana mpaka baada ya Isha, likufurahishe, kisha kama saa 3 hupoa ghafla na kusi inaingia juu ya ukuta. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na shati la mikono mifupi, kijana wa mjini kwa siku moja. Nusu ya pili ya picha niliiona nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Bibi mmoja nyuma yangu akanitupia ushungi wake wa akiba bila kusema neno. Kwa mtu mzima ongeza kimto chembamba, maana ngazi hazina mgongo wa kuegemea na kiuno huanza kulalamika baada ya saa moja. Maji, dawa ya mbu au soksi, fedha ndogondogo za taslimu, na chaja. Mwavuli uache. Ukiufungua, watu sita nyuma yako hawaoni kitu, na watakwambia.

Mchana: zitazame sinema zilizokufa

Hapa ndipo wengi huruka, wanalala mchana kutwa wakisubiri usiku. Mimi nasema usiku wa ngome hauna ladha yake kamili mpaka uone kwanza majumba uliyoyarithi. Chukua saa mbili za asubuhi, kabla ya jua kali.

Anayeshuka bandarini aanzie palepale Malindi. Karibu na bandari lilikuwako jumba la Sultana, ambalo baadaye likaitwa Cine Afrique. Siku hizi habari za pale ni za maduka. Simama upande wa pili wa barabara uangalie uso wa jengo, usiangalie mabango ya biashara. Kisha ifuate barabara ya Mizingani ukiwa na bahari mkono wa kulia. Utaipita ile Zahanati ya Kale yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, iliyoanzishwa na Tharia Topan miaka ya 1880, kisha Mtini, ule mti mkubwa uliopandwa na Sultani Khalifa 1911, ambao chini ya kivuli chake mafundi wa mashua na waongoza wageni wanagombania nafasi moja. Mbele kasri, halafu Beit al Ajaib, jengo la Sultani Barghash la 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ngome Kongwe iko ubavuni mwake. Mwendo wote ni robo saa kwa mguu wa kijana, nusu saa kwa mama yangu, kwa sababu husalimia.

Usiingie ngomeni bado. Pita njia ya Shangani, posta ya zamani, uendelee mpaka Vuga, ambako ndiko jumba lenyewe la Majestic liliko. Lilifunguliwa 1921 kwa jina la Royal, michoro ikiwa ya J. H. Sinclair, yule Mwingereza aliyechora pia Mahkama Kuu na Beit el Amani. Mwaka 1954 likateketea kwa moto. Lililojengwa badala yake 1955 ndilo Majestic tunayoijua, mchoraji wake Dayalji Pitamber Sachania, na ukilitazama unaona wazi kwamba zama zimebadilika: hakuna tena matao na mapambo ya Kiarabu, ni mistari iliyonyooka na kona za mviringo, fasheni ya dunia ya wakati ule.

Mjini palikuwa na majumba matatu wakati huo: Majestic, Empire na Sultana. Picha za Kihindi ndizo zilizotawala, za Misri zikifuata, na Jumapili usiku tiketi za picha mpya zilikuwa zikilanguliwa nje kama sukari ya magendo. Mama anasimulia kwamba nguo ya Jumapili ilishonwa kwa ajili ya picha, si kwa sikukuu. Bibi yake yeye hakwenda Jumapili, alikwenda zanana, onyesho la wanawake peke yao, ambako mabuibui yalivuliwa mlangoni na ukumbi mzima ukaimba pamoja na nyimbo za Kihindi bila mtu kujua maana ya neno. Mwanamume pekee ndani, kwa maneno ya mama, alikuwa yule wa mashine, "na yeye hatukumhesabu."

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba yakataifishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi kabla ya nchi nyingine zote za Afrika kusini mwa Sahara, jambo tunalojisifia nalo mpaka leo, na sinema ikaanza kupumua kwa shida. Video za miaka ya 1980 zikammalizia mgonjwa. Majestic paa lake likaporomoka. Kwa muda watu walikusanyika mle kutazama mpira, chini ya mbingu. Juhudi za kulifufua zimeanza, na kwa hiyo hali utakayoikuta inategemea mwaka utakaokwenda. Usisukume mlango. Kama pana mtu barazani, toa salamu, kaa, ndipo uulize. Sisi tulimkuta mzee wa makamo ya mama.

"Assalamu alaykum, mzee wangu. Jumba hili linafunguliwa?"

"Waalaykum salaam. Unataka nini humo, mwanangu?"

Kabla sijajibu, mama akadakia: "Nataka kuona kiti changu." Wakacheka wote wawili, wakaanza kutajiana picha na miaka, mimi nikawa sina kazi. Tulichungulia tu. Mama alinyoosha kidole mahali ambapo kiti hakipo tena. Jioni ile alipouliza paa la ngome limekwenda wapi, nilijua hakuwa anauliza la ngome peke yake.

Kula na kuswali

Magharibi ya kipupwe huingia kama saa 12 na robo, na onyesho la kwanza la usiku haliwezi kuanza kabla giza halijashika, ambalo kwetu huja haraka: dakika 40 au 50 baada ya jua kuzama umeshapata giza la kutosha. Isha ni kama saa 1 na nusu. Hesabu yangu ni hii: saa 11 kula, Magharibi msikitini, saa 1 kasoro langoni. Mwenye kutaka kuswali Isha jamaa kwanza aingie amechelewa kwa nia, ampe mwenzake kanga amshikie nafasi. Ikiadhiniwa picha au muziki umewaka, kwa kawaida sauti hupunguzwa au husimamishwa kwa dakika zile. Usidhani mtambo umeharibika.

Chakula kiko Forodhani, hatua chache tu. Bustani ile ilitengenezwa upya na kufunguliwa 2009, na jioni hujaa moshi. Ushauri wangu si wa kila mtu: mishikaki na samaki wa kuchoma waachie wageni, bei zake zimewazoea wao. Uliza bei kabla hujanyoosha mkono, na uulize kwa Kiswahili chako cha nyumbani. Kula urojo, wenye bajia, kachori, mbatata na chicha ya nazi, bakuli moja linakutosha. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi kunywa glasi moja tu, kwa sababu choo cha ngomeni siku ya tamasha ni foleni, na foleni yenyewe huanza wakati ule steringi anapotaka kuuliwa. Nenda chooni kabla ya kukaa, hata kama husikii haja. Watoto wapeleke kwa nguvu.

Ndani usiingie na bakuli la urojo. Si sheria niliyoiona imeandikwa, ni huruma kwa kanga ya aliyekaa chini yako. Karanga na kashata zinatosha.

Kuingia na kukaa

Ukiingia mapema una nafasi ya kufanya jambo ambalo watu hawalifanyi: kusimama jukwaani ukatazama ngazi, badala ya kutoka ngazini ukatazama jukwaa. Angalia skrini imewekwa wapi, upana wake, na spika ziko pande gani. Kisha pima kwa macho umbali wa mara mbili ya upana wa skrini. Hapo, katikati ya spika mbili, ndipo penye picha na sauti. Ngazi za chini kabisa shingo inavunjika, na zaidi ya hapo ni uwanja wa watoto, watakurukia mpaka picha iishe. Za juu kabisa zina upepo, makelele ya Forodhani, na vijana waliokuja kwa shughuli zao. Pembeni sauti ya spika moja inakupiga sikio, na ya pili inakufikia ikiwa imegonga ukuta wa mawe, kwa hiyo maneno yanakuwa mawilimawili.

Lipo jingine. Picha nyingi za tamasha si za Kiswahili, zina maandishi ya tafsiri chini ya skrini, na maandishi hayo ndiyo ya kwanza kumezwa na vichwa vya watu. Kwa hiyo panda ngazi moja au mbili zaidi ya pale ulipoona panatosha. Ukipata aliyevaa kofia ndefu mbele, au dada mwenye kilemba cha harusi, hama mapema, usitegemee atakivua.

Mama hasomi maandishi yanayokimbia. Nilimkalia kulia nikawa namnong'oneza. Nilidhani tutakemewa, kumbe ngazi mbili juu na mbili chini watu walikuwa wamenyamaza wananisikiliza mimi. Wale jamaa wa vibanda vya video wanaotia Kiswahili juu ya picha nimewaheshimu tangu usiku ule. Ukitaka kazi hiyo, usitafsiri kila neno. Sema nani anamtaka nani na nani anamdanganya, mengine mtu mzima anayaona mwenyewe.

Mwanamke aliye peke yake akae karibu na familia, na hata asijieleze, watamsogezea nafasi. Nguo ni ile ya kutokea popote mjini: kanzu au suruali na shati, baibui au dera na ushungi. Si lazima kupendeza, lakini mama alipendeza.

Picha inapoanza

Haitaanza saa iliyoandikwa. Patakuwa na hotuba, patakuwa na shukurani, na mtu atapima kipaza sauti kwa kukipuliza. Tumia muda huo kumjua jirani.

Zamani filamu ilikuwa mkanda wa milimita 35, na msokoto mmoja wa futi 2000 ulikwenda dakika 22 hivi. Msokoto ukikatika ukumbi ulipiga miluzi na kumtukana wa mashine kwa jina. Leo ni kompyuta na projekta, kinachokatika ni umeme au picha inaganda mtu akiwa mdomo wazi. Miluzi ni ileile. Usiondoke, mara nyingi ni dakika chache.

Watazamaji wetu huzungumza na picha. Jambazi akijificha nyuma ya mlango ataonywa steringi na watu mia, na mapenzi yakizidi kidogo utasikia "astaghfirullah" huku hakuna aliyefumba macho. Mgeni anayetaka kimya cha maktaba atateseka. Lakini simu ni habari nyingine: skrini ya simu moja ikiwaka kwenye ngazi za mbele inawatoa watu wote gizani. Izime, au iweke kifudifudi. Kurekodi picha ya mwenzako kwa simu ni wizi, na waandaaji wana haki ya kukutoa.

Tamasha si la watoto kila usiku. Mwenye watoto asome maelezo ya picha ya siku hiyo au aulize langoni, badala ya kugundua katikati. Na kama ngome iko mbali mno kwako, uliza kama mwaka huo wanazungusha picha vijijini. ZIFF imekuwa ikipeleka maonyesho mashamba ya Unguja na Pemba, skrini ikisimamishwa kwenye kiwanja cha mpira. Mkeka wako, bure, na nyumbani unaona taa yako.

Kurudi

Hapa ndipo usiku huharibika. Daladala za shamba huacha kwenda mapema, na picha ya pili inaweza kuisha saa 5 au 6. Ukikosa, unabaki kubembeleza dereva aliyejua tangu mwanzo kwamba utabembeleza. Kwa hiyo gari ya kurudi ikodiwe mchana, na watu wanne au watano wa njia moja, bei ikakubaliwa kwa jumla ya gari na si kwa kichwa. Na saa ya kuondoka mwambie dereva saa moja zaidi ya unavyofikiri. Mimi safari moja nilimwambia saa 4, picha ikaisha saa 5 kasoro, akaondoka, na haki alikuwa nayo. Tulilala barazani kwa rafiki wa rafiki, watu watano, kanga mbili.

Mwenye kulala mjini arudi kwa barabara kubwa zenye taa, si kwa vichochoro, hata kama kichochoro ni njia ya mkato na anakijua mchana. Mkiwa wengi tembeeni pamoja. Mwenye mtu mzima akodi teksi mpaka mlangoni.

Mwenye boti ya asubuhi asikae picha ya pili. Najua inauma, hasa kama ya kwanza ilikuwa mbaya, lakini boti haimngoji aliyekesha na kusi ya asubuhi haimhurumii mwenye usingizi. Tiketi ya kurudi ikate kabla hujaingia ngomeni, mizigo ifunge kabla ya Magharibi, weka kengele mbili kwenye simu. Kama unalala chumba kimoja na mtu kama mama yangu, kengele huihitaji. Alfajiri yuko macho, keshaswali, keshakunja kanga zote mbili, anakuuliza yule dada wa kwenye picha mwisho alirudi kwa mumewe au hakurudi, kwa sababu pale ulinyamaza kutafsiri.